Pua ya Bwana Wouter

Aleida alifundishwa kuchora na baba yake, na mzee alipofariki akabaki na chumba chake cha kazi pale mjini Haarlem, brashi zake, na ulimi mkali ambao hakuna aliyejua kaurithi kwa nani. Wachoraji wenzake, wote wanaume, walimshauri achore maua.

"Maua hayabishani," aliwajibu. "Nitayachoka."

Akashika kazi ya kuchora sura za watu.

Ndipo akaja Bwana Wouter, mpika bia mwenye nafasi yake na pua kubwa. Alitaka picha ya kumpelekea Bi Hilleke, mjane wa mji wa Leiden ambaye Wouter alikusudia kumposa ingawa hawajawahi kuonana.

"Pua uipunguze kidogo," alisema, macho yake dirishani.

"Kidogo kiasi gani?"

"Si wewe ndiye fundi? Utajua mwenyewe."

"Sawa. Na hiyo nyingine utaificha wapi siku ya harusi?"

Wouter aliiva uso mpaka masikioni, lakini hakulegeza msimamo. Aleida akamchorea kipua cha kitoto, roho ikimsuta, picha ikapelekwa Leiden.

Mjane akapendezwa, akapanda mashua ya kwenye mfereji uliounganisha miji hiyo miwili, kuja kumwona mwenyewe. Wouter alimngoja ukingoni na kofia mpya. Bi Hilleke akashuka, akampita, akaenda kumsalimia kwa bashasha muuza jibini mwenye kipua kidogo aliyesimama nyuma yake.

Mchana huo huo mjane na Wouter walikuwa mlangoni kwa Aleida.

"Ni wewe uliyenidanganya?" mjane aliuliza.

"Ni mimi, Bi Hilleke. Aliniomba, nami nikakubali. Nisamehe."

Mjane akamgeukia Wouter. "Na wewe, nani alikwambia naolewa na pua?" Wouter akaanza kucheka, naye mjane ikambidi acheke. "Haya, kaa uchorwe upya. Na mimi nikae hapo kando, na makengeza yangu. Ole wako, binti, ukiyanyoosha!"

Aleida aliwachora huku wakizozana namna ya kukaanga samaki. Rangi haijakauka, harusi ilikuwa imeshapangwa.

Watu walioiona picha ile walianza kumiminika kwake. Nayo ndiyo ya kwanza aliyothubutu kuitia jina lake zima. Mkubwa wa chama cha wachoraji alikuja, akaitazama, akakunja uso.

"Jina lako umeliandika kubwa mno."

"Rudi nyuma kidogo, bwana," Aleida alisema, akiendelea kusafisha brashi. "Rudi tena. Hapo sasa, si limepungua?"