Futi ya Nyuma ya Kioo

"Kitambaa cha gauni kimerudi! Mara ngapi nikwambie? Kimefuliwa mara moja tu, kimerudi!"

"Na cha juzi?" mumewe alijibu kutoka nyuma ya pazia la kujaribia nguo. "Na cha mwezi jana? Mama Pacha, vitambaa vyote virudi, wewe tu ndiye hujarudi popote?"

Fundi cherehani alikanyaga pedali kwa hasira. Alikuwa akishona suruali ya kazi ya huyo mumewe, makanika, iliyochanika pajani asubuhi ile. Makanika mwenyewe alikuwa amejiviringisha kitambaa cha mapazia chenye maua makubwa. Alipotafuta cha kukifunga kiunoni, mkono wake ulikuta gauni la mkewe, na pembeni mwa mshono akaona vitobo vya sindano, safu tatu. Mshono ulikuwa umeachiwa mara tatu, kidogo kidogo, kama mtu anayetoroka kwa kunyata.

"Kiuno changu ni tisini na mbili," alisema fundi. "Nimejipima Jumatatu."

"Kwa hii?"

Makanika alitoka ameshika futi ya kupimia nguo, imefifia, aliyoikuta kwenye msumari nyuma ya kioo. Aliitandaza juu ya meza kando ya ile mpya ya wateja. Alama ya sentimita mia moja ya futi ya zamani ilianguka kwenye mia na tano ya mpya.

Fundi aliacha pedali. Alijua vizuri. Futi ikizeeka huvutika, na mtu akipimwa nayo huonekana mwembamba kuliko alivyo. Ndiyo maana aliwanunulia wateja mpya. Ile ya zamani hakuitupa, kwa sababu ilikuwa inamwambia maneno matamu.

Miaka miwili na nusu nyuma, madaktari walimfanyia upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Kilo hamsini na mbili zilimtoka. Daktari alimwachisha vidonge vya ugonjwa wa sukari, magoti yakaacha kulalamika, na mkoromo ukaisha hata mumewe akakosa usingizi kwa ukimya. Muuguzi wa kliniki akawa anamwonyesha kwa wagonjwa wapya: "Mwoneni mfano wangu!" Mwaka wa kwanza fundi alihudhuria kliniki amejipamba kama bibi harusi. Kisha mzani ukapanda kidogo, naye akaona aibu kumharibia muuguzi mfano wake. Miadi mitatu ikapita bila yeye kwenda. Vitamini, ambazo aliambiwa ni za maisha, zikabaki kwenye droo ya vifungo.

"Mimi sili," alisema sasa, sauti imeshuka. "Sahani yangu unaiona. Ndogo kama ya kulishia kuku."

"Sahani naiona. Na hiyo?"

Kando ya cherehani kulikuwa na chupa ya juisi ya lita moja na nusu. Ilikuwa imebaki nusu. Na ilikuwa saa tatu asubuhi tu.

"Ni kiu tu, Baba Pacha."

Wote wawili walilisikia neno hilo likidondoka. Kiu. Sukari ilipomwanza zamani, ilianza hivyo hivyo.

Makanika aliketi, akasahau kukaza kitambaa chake. "Jana usiku umeamka mara nne kunywa maji," alisema taratibu. "Wateja wangu wako hivyohivyo. Taa nyekundu ikiwaka, wanaibandika plasta wasiione. Gari likizima njiani ndipo wananikumbuka. Wewe usinizimie njiani, mke wangu."

"Watanicheka kliniki."

"Nani? Wale wanaofanya kazi hiyo kila siku? Mimi nikiletewa gari bovu nacheka? Nacheka likiletwa kwa kamba."

Fundi aliitazama futi ya zamani. Akachukua mkasi mkubwa wa kukatia, akaikata vipande vinne, akavitupa kwenye pipa la vitambaa. Juisi akaimwaga mlangoni. Akatoa vitamini kwenye droo, akatia kwenye mkoba, akavaa viatu.

"Sasa hivi?" makanika alishtuka. "Na suruali yangu?"

"Sindano imo, uzi umo. Wewe si unafungua injini? Mguu mmoja wa suruali utakushinda?"

"Mama Pacha! Wateja wakija?"

"Waambie uko kwenye majaribio."

Mumewe akabaki mlangoni na pazia lake la maua. Fundi alikuwa ameshavuka barabara, simu sikioni.

"Sista? Ni mimi, ule mfano wako. Umeharibika kidogo. Niwekee nafasi kwenye foleni, niko njiani."