Nyumba Namba Ishirini na Nane

Walimwita Kalamu tangu apate kazi ya udodosaji, maana hakosi kalamu mbili mfukoni na ya tatu sikioni. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza, ila miguu ndiyo inayoijua. Unapewa orodha ya nyumba mia mbili, unaanza na namba tatu, kisha unahesabu tano tano: nane, kumi na tatu, hivyo hivyo mpaka mtaa uishe. Ukikuta mlango umefungwa unarudi, hata mara tatu. Kuruka marufuku. Dodoso ni la nini, wadodosaji hawakuambiwa, wasije wakawatia watu majibu mdomoni.

Jua lilikuwa kali. Kalamu akaona ya nini kujiua, akaketi bombani, pale mtaa mzima unapopanga foleni ya maji. Kila aliyefika, Kalamu alimuuliza maswali na kumpachika namba ya nyumba iliyofuata kwenye orodha.

"Dada, unaweza kutembea hatua mia bila kushikwa mkono?"

"Kwani hili dumu limekuja hapa lenyewe?"

Foleni ikacheka, naye akaweka tiki.

Ilipofika ishirini na nane, mkono ukasita. Hiyo ilikuwa nyumba yao, na ndani alikuwemo mama yake, mwaka wa pili hajainuka kitandani. Mbele yake kasimama binti na ndoo kichwani, shingo wima.

"Leo nimepata mama mpya," akamtania. Akaweka tiki. Saa sita madodoso arobaini yalikuwa kamili.

Jioni mama alimwambia, "Nilisikia sauti yako bombani. Nikajifunga kitambaa kichwani, nikangoja hodi. Muuguzi alisema mtakuja kuuliza."

"Namba haikutuangukia, mama."

Miezi miwili baadaye muuguzi, aliyekuwa akija kila Jumatatu na Alhamisi kumsafisha mama vidonda vya mgongoni, alikuja kuaga. Ofisi imeona kwenye madodoso kwamba mtaa huu hauna mgonjwa wa kitandani hata mmoja. Anapelekwa kwingine.

Kalamu alikwenda mbio kwa mkuu wa takwimu. Mkuu alimsikiliza, akafungua faili, akachomoa karatasi moja.

"Ishirini na nane. Anatembea. Huu si mwandiko wako?"

"Wangu, bosi."

"Basi ama mama yako anatembea, ama wewe ulidanganya. Andika kwamba ulidanganya, nitatupa yote arobaini, mtaa udodoswe upya, na muuguzi nitamrudisha. Ila kazi hii hutaifanya tena, hapa wala popote." Akamsogezea karatasi tupu. "Kalamu najua unazo."

Kalamu aliitazama ile karatasi mpaka mkuu akafungua chakula chake cha mchana na kuanza kula. Mwishowe akasema labda ni kweli, siku ile mama aliamka na nafuu.

"Mpe hongera," akasema mkuu huku akitafuna, akamkabidhi orodha ya mtaa mwingine.

Kufikia Alhamisi harufu ya vidonda ilikuwa inamlaki mlangoni. Mama alikuwa amejifunga kitambaa chake.

"Watakuja tena kuuliza?"

"Watakuja."

"Safari hii usiwaache wapite, mwanangu. Jibu nimelishika. Hebu niulize."

Kalamu akatoa kalamu sikioni. "Unaweza kutembea hatua mia bila kushikwa mkono?"

"Hata moja," akasema mama, akingoja aandike.