Mwiko wa Kutaja Haslaig

Wanaume wa kisiwa chetu hawana akili, na Tormod, mume wangu, ndiye kinara wao. Mtu anahamishwa kwao kwa sababu ya mwiko!

Serikali ilisema itatuhamisha iwapo tutakubali sote. Akikataa mmoja tu, tunabaki, na meli ya posta inaendelea kuja. Nami nilishamwambia Tormod waziwazi kwamba sitoki Haslaig. Mama yangu kazikwa hapa, ng'ombe wangu yuko hapa, na huko Oban, mji wa bara tunakopelekwa, watu hununua maziwa dukani. Naye akaapa kuwa hatoki. Jirani yetu Murchadh akaapa. Wanaume wote wakaapa, tena wakiwa hawajalewa.

Ofisa alipokuja, bahari ilichafuka. Wanaume walipiga makasia hadi kwenye meli wakamchukua, lakini mawimbi yakaizuia mashua isikaribie mwamba wetu wa kushukia. Basi yule bwana, kichefuchefu kimemshika, akaamua kuwauliza humo humo mashuani. Kila mtu ataje mahali anapotaka kuishi, yeye arudi zake melini akatapike kwa nafasi.

Sasa kwetu, ukiwa majini hulitaji jina la kisiwa. Ukilitaja, bahari inasikia, nawe hutarudi tena nyumbani. Tunasema "Kule Juu". Tormod ndiye aliyeulizwa kwanza, akajibu kwa adabu kuwa anataka kukaa Kule Juu siku zake zote. Ofisa akavua kofia, akampa pole, akamuuliza, je, kabla ya kwenda huko? Tormod akaona wimbi linakuja, akababaika, akataja mji pekee uliomjia kichwani.

"Oban," akasema.

Murchadh naye akasema Oban. Mashua nzima ikasema Oban, na ofisa akawashukuru kwa kuwa na kauli moja.

Nilipoambiwa, nilimpa Tormod vidonge vyake mbele ya watu. Nikamuuliza kama kusema "hapana" nako ni mwiko. Akafikiri, akasema hilo hakulikumbuka. Siku hiyo alikula viazi baridi. Mimi nikajituliza, maana sisi wanawake hatukuwa tumeulizwa. Waje tu, watanisikia.

Wakaja Agosti, bahari shwari. Kuivuta mashua juu ya mwamba zamani ilikuwa kazi ya vijana, lakini vijana wote walishakwenda Glasgow. Tukaivuta sisi, wanawake na wazee. Kamba ikamponyoka Tormod, na wimbi dogo tu, la kuogeshea mtoto, likamzoa. Murchadh akaenda kumwinua, wakaanguka wote wawili. Ikabidi ofisa awaburute kwa kola za makoti. Watu wakacheka, hata Tormod akacheka. Mimi nilicheka mpaka nilipomwona anajaribu kuishika tena kamba, vidole havifungi, na roho ikaniuma. Majira ya baridi nani angemvuta?

Ofisa akanijia, maji yanamchuruzika.

"Mama, naambiwa nyinyi wanawake hamkuulizwa. Ukikataa wewe peke yako, sisi tunarudi tulikotoka. Unataka kuishi wapi?"

Wote wakanitazama. Nilikuwa nchi kavu, hapakuwa na mwiko wa kuniziba mdomo, na nilitaka kubaki kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

"Oban," nikasema.

Tormod akanishika mkono. "Beathag, si ulisema hutoki?"

"Umelowa," nikamwambia. "Nenda kabadilishe suruali, watu wanasubiri."