Mbuzi wa Kutunziwa

Kwato mbili nyeupe zilikuwa zimeshatokeza, na nusu ya hospitali ilikuwa imetoka nje kutazama. Wagonjwa walioweza kutembea walizunguka zizi dogo nyuma ya jikoni, wamejitanda mablanketi. Mzee Zebedayo mpishi, mwiko bado mkononi, alimkemea kila mtu asogee, ilhali aliyeziba njia ni yeye. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na kwa mara ya kwanza tangu masika nilitaka kuona jambo litaishaje.

Mbuzi alikuwa wangu. Mama aliniachia alipofariki, na Baba alitembea naye kutoka kwetu Chome, mbuzi akiwa na mimba, ili nipate maziwa pale hospitali ya misheni. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa imekwisha miaka michache tu. Nililazwa kwa sababu niliacha kula, kisha nikaacha kusema. Daktari alinipa dawa ya kutuliza. Nesi Eliwaza alikaa nami kila asubuhi, hata nisipofungua mdomo.

Kisha ghafla nikachangamka. Priska wa kitanda cha jirani nikampa kitabu changu cha nyimbo. Kanga ya Mama ikaenda kwa mfagiaji. Mzee Zebedayo akatania kwamba vimebaki viatu, na kwamba miguu yake ni midogo kuliko inavyoonekana. Wodi nzima ilicheka, nami nikacheka. Baba alipofika na kunikuta hivyo, alimshukuru Mungu kwa sauti akaanza kufunga mzigo wangu. Tungepanda milimani, nyumbani, siku hiyohiyo.

Nikamwambia Eliwaza mbuzi ni wake.

Hakushukuru. Alihesabu kwa vidole: kitabu, kanga, sasa mbuzi. Alituita mimi na Baba kwenye benchi la nyuma, akakiacha Kiswahili chake cha wodini, akaniuliza kwa Kipare, lugha aliyonilelea Mama.

"Dina, unataka kujiua?"

Baba alisimama. Kwetu neno hilo halikutajwa hata msibani. Kulitaja kulikuwa kama kuliita. Sijawahi kumwona amekasirika vile. "Unamtia mtoto neno mdomoni!"

"Keti, Baba Dina," alisema Eliwaza. "Neno limo tayari. Mimi nataka litoke."

Nikasema ndiyo. Nikasema ni nikifika nyumbani.

Sijui nieleze vipi kilichofuata ndani yangu. Siku ya kufungua ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba kule kwetu, maji yaliyolala humo usiku kucha huruka mferejini, na watu hukimbia nayo mtelemkoni wakipiga kelele kutoka shamba hadi shamba. Ndivyo maneno yalivyonitoka. Nililia, nilisema mambo ambayo hata mimi sikujua nayajua. Baba alinishika mkono, hakuuachia hadi jua lilipogeuka.

Mzigo ulifunguliwa. Eliwaza alimweleza daktari, kitanda changu kikahamishiwa karibu na meza ya manesi, Baba akaruhusiwa kulala hospitalini. Sikuachwa peke yangu.

"Na mbuzi?" nikauliza.

"Simpokei kama zawadi," alisema Eliwaza. "Nakutunzia. Akizaa, utagawa: wangu na wako."

Baba alifuta macho kwa mkono wa shati. Akasema, kwa ukali wa mtu anayejua mifugo, kwamba mgawo haufanyiki mwenye mbuzi asipokuwepo. Kwa hiyo nilipaswa kuwepo.

Ndiyo maana asubuhi ile, zizini, nilikuwa nimeuma kidole. Mtoto wa kwanza alianguka kwenye majani, mweusi, akapiga chafya. Watu walishangilia. Wa pili alikuja kwa haraka, ana madoa. Eliwaza alinitazama tu.

"Gawa."

Nilisimama muda mrefu hata Mzee Zebedayo akauliza kama tunasubiri na wao waote pembe. Nikamwinua mwenye madoa, bado amelowa, moto kama mkate.

"Huyu wangu," nikasema.

Mbuzi hakuniponya. Eliwaza aliendelea kuniuliza swali lilelile kila asubuhi, na zipo asubuhi nilizojibu ndiyo. Aliuliza bila kuogopa, nami nikajifunza kujibu bila kuogopa. Mwaka uliofuata nilirudi shule, nikafika sekondari. Kila uzao, popote nilipokuwa, nilikuja kugawa.

Sasa miaka mingi imepita, na juzi tumemzika Eliwaza nyumbani kwake, huku Gonja. Leo, watu walipokuwa wanatawanyika, mwanawe Yusto alinivuta kando akaniongoza nyuma ya nyumba. Mbuzi mwenye madoa, wa ukoo wa yule mbuzi wangu, alikuwa amelala ubavu, anahema.

"Mama alisema tusigawe mpaka uje," alisema.

Nilivua viatu, nikakunja mikono ya gauni langu jeusi, nikaingia zizini. Kwato zilikuwa zimeshatokeza.