Upepo wa Nyuma

Kila mtu anakijua chombo cha tanga, hasa yule ambaye hajawahi kukipanda. Jirani wa mlango wa pili anasema mume wangu alikutwa na dhoruba. Dhoruba gani? Siku ile hata nguo nilizoanika hazikutikisika vizuri. Muuza mkaa naye ana lake: ati chombo kikilala upande ndio kinazama. Loo! Kulala upande ndiyo mwendo wake, we mzee! Hao nimeshachoka kubishana nao. Neno linaloniuma ni la mama mkwe, kwa sababu lake ndilo linalofuatwa: mwanamke akipanda chombo cha tanga, analeta nuksi.

Na mwanamke mwenyewe ni mimi.

Mume wangu alikuwa anafundisha watu kuendesha vyombo vya tanga pale ziwani. Mimi nilikuwa nashona matanga sebuleni kwetu, cherehani imebanwa ukutani, kitambaa kimejaa mpaka chini ya meza ya chakula. Jioni alinisimulia vituko vya wanafunzi wake tukacheka mpaka machozi. Mmoja alimkataza mwenzake kupiga mluzi, asije akaita upepo. Mwingine aliuliza, "Mwalimu, upepo ukitoka kule tunakokwenda, si ndio tutalala huku huku?" Akamwonyesha kubisha, yaani kwenda mshazari, huku kisha kule, mpaka wakafika. Hayo yote kwake yalikuwa mzaha. Lililomkosesha raha lilikuwa moja tu, kwamba watu wanaamini upepo ukitoka nyuma ndio salama.

"Huo ndio unaoua," alikuwa akisema. "Unambembeleza mtu mpaka anasahau."

Jumapili moja akaniambia, "Umeshona matanga yote haya na hujawahi kuona hata moja likijaa. Twende." Mama mkwe akaja juu. Mume wangu akacheka, akamwambia, "Mama, hiyo nuksi haijui kuogelea, itabaki ufukweni." Tukaenda na shemeji yangu, mdogo wake, fundi wa magari ambaye mtaa mzima unamwita Gia.

Tulifurahi, sitasema uongo. Wakati wa kurudi upepo ulikuwa nyuma yetu, mwepesi. Mume wangu akasema, "Gia, shika usukani, usiugeuze hata kidogo. Naenda kulegeza kamba pale mbele."

"Usijali, kaka. Upepo uko nyuma, hapa ni kama mteremko. Naachia tu."

Simu yake ikalia. Akajipinda kuitoa mfukoni, na usukani ukapinda naye. Upepo ukaingia upande wa pili wa tanga, na ile boriti ndefu inayolala chini ya tanga ikafagia chombo kizima kwa mara moja. Mume wangu alikuwa amesimama, kichwa usawa wake. Nilisikia mlio kama wa mlango uliobamizwa. Chombo hakikupinduka, wala maji hayakuingia hata kikombe. Ndiyo maana hakuna anayeniamini.

Tulipofika hospitali, Gia alikuwa ameshatunga yake: shemeji, yaani mimi, alisimama, shemeji akapiga kelele, kaka akageuka kumwangalia. Mama mkwe akaimeza nzima nzima. Namwelewa, na kumwelewa hakunipunguzii hasira hata chembe. Mwana mmoja alikuwa kitandani hajitambui. Angekubalije kumpoteza na wa pili?

Akatangaza kwamba mwanawe akiruhusiwa anakwenda kwake, na mimi nirudi kwa wazazi wangu. Nikajipiga moyo konde. Nikasema, mwenyewe atasema. Akishasema nani alikuwa na usukani, hakuna atakayethubutu kunitenganisha naye. Basi nikawa namlisha, namgeuza, namnyoa ndevu, nasubiri mdomo wake.

Siku aliyotamka nilikuwa namfuta shingo. "Uji umepoa?" nikauliza, kama ninavyouliza kila siku bila kujibiwa.

"Ndiyo," akasema.

Nilipiga kigelegele mpaka muuguzi akaja mbio. "Unaumwa?" Ndiyo. "Unanijua?" Ndiyo! Jamani, nililia. Kisha nikamuuliza kama anataka maji, akasema ndiyo. Nikampelekea kikombe, akabana midomo, akageuza uso. Nikampelekea tena, akakisukuma.

Daktari alitueleza sote, mimi, mama mkwe na Gia, tumesimama kando ya kitanda. Neno hilo moja ndilo lililobaki, na linatoka kwa kila kitu, akitaka asitake.

"Na mengine yatarudi?" nikauliza.

"Dada, sitaki kukudanganya," akasema.

Siku aliporuhusiwa, kikao cha ukoo kilifanyika kwetu, sebuleni, cherehani imefunikwa shuka. Mume wangu alikaa katikati, ameegemezwa mito. Gia alisimama karibu na mlango akichezea funguo za gari. Mama mkwe akamwinamia mwanawe, akamshika mashavu.

"Mwanangu, ni huyu mkeo aliyekuletea haya?"

"Ndiyo."

"Mmesikia," akasema.

"Mama, si daktari alituambia? Mbele yako!"

"Mmesikia," akarudia, huku anajifuta machozi.

Nikapiga magoti mbele ya mume wangu. Nilijua jibu halitakuwa na maana, nikauliza hivyo hivyo. "Baba, ni Gia aliyekuwa ameshika usukani?"

"Ndiyo."

Funguo zikamwanguka Gia. Alimtazama kaka yake, mdomo ukamfunguka, na mimi, mjinga mimi, nikadhani sasa atasema.

"Mwacheni mgonjwa wangu," mama mkwe akasema. "Hajui hata anachosema, maskini."

Gia akaokota funguo. Akasema analeta gari karibu na mlango.

Waliniachia kumvalisha shati. Nilianza vifungo vya chini, polepole, ili visiishe. Nikamnong'oneza, "Unataka nibaki na wewe?"

"Ndiyo."

Alikuwa ananitazama, macho yamejaa. Ningenyamaza hapo! Ningeondoka na hilo moja. Lakini mdomo wangu haukunisikia.

"Unataka niende?"

"Ndiyo," akasema, kwa sauti ile ile, akinitazama vile vile.

Nje Gia akapiga honi. Nikamfunga kifungo cha shingo.