Shada la Mgeni Rasmi

Kamati ya maandalizi ya sherehe za mazingira mjini Morogoro ilimwita Editha, mtaalamu wa mimea, aeleze tofauti ya maua mawili. Akafurahi kupita kiasi. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Haya ni ndugu wa jenasi moja, Impatiens," alisema, akionyesha picha. "Hili la rangi ya waridi huota popote penye unyevu na kivuli. Mtaro wa nyuma ya ofisi hii umejaa tele. Hili jekundu ni spishi nyingine. Makazi yake ni miamba inayotiririka maji, msituni huko juu ya Kinole. Limo hatarini kutoweka kabisa."

Mzee Hatibu, mwenyekiti, akakuna kidevu. "Kwa hiyo hilo jekundu ni adimu?"

"Adimu sana, mzee."

"Basi ndilo linalomfaa mgeni rasmi. Tutengenezee shada."

Wajumbe wakapiga makofi. Editha alidhani ni utani, mpaka Bi Sabra wa itifaki alipouliza kama yatatosha na kupamba meza kuu.

"Lakini tukiyachuma yataisha!"

"Ndiyo maana tuwahi, binti yangu," alisema Mzee Hatibu kwa upole.

Asubuhi ya sherehe Editha alizunguka nyuma ya ofisi, akainama mtaroni, akachuma ya waridi. Alilikabidhi shada, na rangi haikumshtua mtu. Mgeni rasmi alilikumbatia. Vifuko vya mbegu vilivyokomaa vikapasuka, mbegu zikamrukia usoni. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele.

"Sijaona ua kama hili popote duniani!" mgeni alitamka kwenye kipaza sauti. "Linaota wapi?"

Editha akaonyesha kwa kidole. "Mtaroni, mheshimiwa. Hapo nyuma."

"Hapahapa kwetu! Liwekewe uzio. Asiguse mtu!"

Mtaro ukazungushiwa seng'enge, mlinzi akawekwa, hata wazibuaji wa mtaro wakazuiwa kuingia. Mvua ya kwanza kubwa iliposhuka kutoka Uluguru, maji yakakosa njia, yakaingia ofisini.

Editha alimkuta Mzee Hatibu amekunja suruali hadi magotini, akichota maji kwa ndoo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hivi lile jekundu la Kinole, nalo tusilianzishie ulinzi?"

"Hapana, mzee," alijibu upesi, akaipokea ndoo. "Lile liacheni hivyohivyo."