Tuzo ya Shangazi Fukusi

Mtu wa kamati ya tuzo alipopiga simu, alianza kwa kusema poleni, akakohoa, akasema hongereni. Nilidhani mtandao unasumbua. Akauliza kama mimi ndiye nitakayekuwa msemaji wa familia. Nilimtazama Shangazi, ambaye alikuwa mezani kwangu akimlisha mwanangu uji.

"Kubali," akasema bila kuinua macho. "Baba yako atalia kabla hajashika kipaza sauti. Wewe unasoma masomo ya jioni, umezoea kusimama mbele za watu."

Kusoma jioni ni kweli. Kusimama mbele za watu, mimi darasani huwa nasimama kumtoa mtoto nje anapolia. Mtoto mwenyewe tunamwita Bosi, kwa sababu akiita, nyumba nzima inaamka.

Shangazi, dada wa baba yangu, ni mtafiti wa wadudu chuoni. Maisha yake yote ya kazi amewafuata fukusi, wale wadudu wadogo wanaotoboa maharagwe ghalani mpaka ukiyashika yanageuka unga mkononi. Anatafuta haragwe ambalo fukusi watalikataa. Chumba chake kimejaa chupa za kioo zilizofunikwa vitambaa, na taa ya joto haizimwi, maana fukusi akipata baridi anazubaa, hali tena, na jaribio linakuwa limeharibika. Watoto wa ukoo wanamwita Shangazi Fukusi, naye anaitika.

Asubuhi ya tuzo alinipitia akiwa na gauni la bluu na viatu vyake vya kazini.

"Sikai sana huko," aliniambia. "Leo nafungua chupa ya kitambaa cha kijani. Ile mbegu mpya. Fukusi wakiwa wameiacha, nimepata. Wakiwa wameila, naanza upya. Nishani inaweza kunisubiri, mwanangu. Chupa haiwezi."

Mlangoni pa ukumbi tulikuta picha yake kubwa ndani ya fremu, imezungushiwa maua meupe. Bosi akaipungia mkono.

"Picha ya kitambulisho hii," Shangazi alinung'unika. "Nilikuwa na mafua."

Mpokea wageni, dada mmoja mwenye sauti ya upole kupita kiasi, alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akatuonyesha viti vya mbele vilivyoandikwa FAMILIA. Kisha akamgeukia Shangazi.

"Na wewe mama, ni nani wake?"

"Wa nani?"

"Wa mtafiti wetu."

"Mimi ndiye yeye."

Yule dada akaangalia picha, akamwangalia Shangazi, akaangalia picha tena. "Basi kaa tu hapo na ndugu," akasema, kama mtu aliyeamua kwamba jambo hilo limemzidi cheo.

Tukakaa. Nilikuwa na karatasi yangu ya kushukuru mfukoni na nilikuwa nairudia kimoyomoyo, kwa hiyo mambo mengine sikuyatilia maanani mara moja. Kwaya iliimba taratibu mno. Mwanamke wa nyuma yangu alikuwa akijifuta macho. Halafu mshereheshaji, mwanamume mnene mwenye tai ya zambarau, akatuomba tusimame kwa dakika moja ya ukimya.

Ukumbi wote ukasimama. Shangazi naye akasimama, akainamisha kichwa, mikono mbele.

"Amefariki nani?" akaninong'oneza.

"Sijui, Shangazi."

"Masikini. Atakuwa wa idara nyingine." Akainamisha kichwa zaidi.

Bosi ndiye aliyevunja ukimya ule, kwa kicheko. Nilimziba mdomo kwa mkono wangu, akaulamba.

Tulipokaa, profesa mmoja alipanda jukwaani akasimulia jinsi Shangazi alivyokuwa mkali kwa wanafunzi wavivu. Mwingine akasema pengo aliloliacha halizibiki. Shangazi akanigeukia.

"Pengo gani? Meno yangu yote yapo."

Nilitaka kucheka lakini nikaona nisije nikawa peke yangu. Nilihisi kama nimeingia kwenye somo ambalo wenzangu wamelianza wiki nyingi zilizopita. Labda wasomi wakubwa ndivyo wanavyosifiana. Ningejuaje mimi?

Ndipo likaingia toroli.

Fundi wa maabara alilisukuma polepole katikati ya ukumbi, uso umemshuka. Juu yake kulikuwa na koti jeupe lililokunjwa, mizani ndogo, kikombe chenye sikio lililovunjika, na chupa za kioo zimebanana. Mojawapo ilikuwa na kitambaa cha kijani.

"Na sasa," akasema mshereheshaji, "kama ilivyo desturi ya tuzo hii, familia itakabidhiwa vifaa vya mtafiti wetu. Msemaji wa familia atatamka neno 'tumepokea', na kwa neno hilo chumba chake kitakuwa mali ya idara ya takwimu, ambao naambiwa meza zao ziko mlangoni pa chumba hicho tayari."

Shangazi alisimama. Hakupiga kelele. Alitembea mpaka kwenye toroli, akaikumbatia ile chupa na kuiingiza ndani ya koti jeupe, kama unavyomfunika mtoto mchanga.

"Nani kafungua chumba changu? Taa nani kazima?"

Fundi aliachia mpini wa toroli, akarudi nyuma hatua mbili.

Mwenyekiti wa kamati akaja mbio, mzee mwembamba, miwani inamponyoka puani. Alieleza mambo kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu, tukasikia wote. Tuzo ile ya mafanikio ya maisha, tangu ianzishwe, walikuwa wakiwapa watafiti waliokwisha kufariki. Mwaka huu wakaona haifai. Kwa nini mtu asifiwe wakati hasikii? Wakaamua wampe aliye hai. Wakamchagua Shangazi kwa kura zote.

"Kwa mapenzi kabisa, mama," alisema. "Tulibadilisha mshindi. Ratiba... ratiba nadhani hakuna aliyeigusa."

"Kwa hiyo nimejisimamia mimi mwenyewe dakika nzima?" Shangazi akauliza.

"Kidogo tu," akasema mwenyekiti. Jasho lilikuwa likimtoka.

Sasa macho yote yakanigeukia, kwa kuwa mshereheshaji, asiye na cha kushika zaidi ya ile ratiba, alikuwa amenishikisha kipaza sauti pamoja na nishani yenyewe. Bosi akakivuta. Nikamhamishia kiunoni upande wa pili.

"Sema tu tumepokea, binti," mwenyekiti akaninong'oneza. "Tumalize, wageni wana safari. Mengine tutayarekebisha ofisini."

Niliangalia toroli. Niliwaza, nikilisema neno lile, ni nani atakayekumbuka kurekebisha? Meza ziko mlangoni. Nilimtafuta Shangazi kwa macho aniambie la kufanya, lakini alikuwa amenipa mgongo, anapulizia pumzi ya moto kwenye kioo. Karatasi yangu ya kushukuru ilikuwa na maneno mazuri sana, na hakuna hata moja lililofaa.

"Mimi ni msemaji wa familia," nilisema, na sauti yangu ikarudi kutoka ukutani kubwa kuliko mimi. "Familia inashukuru kwa nishani. Nishani tumepokea. Vifaa hatujapokea, na hatupokei. Mwenyewe huyu hapa, na kazi hajamaliza."

Mtu mmoja nyuma akapiga makofi, akaacha. Wengine wakaanza. Mshereheshaji alitazama ratiba, akaigeuza nyuma, hapakuwa na kitu.

"Basi... tusimame tena," akasema. Tukasimama wote, na sidhani kama kuna aliyejua kwa nini.

"Lakini hatuna utaratibu wa kurudisha vitu," mwenyekiti alilalamika.

"Lile toroli lina magurudumu," Shangazi akamjibu. "Geuza."

Fundi wa maabara aligeuza haraka, uso umemfunguka. Tukamfuata koridoni: Shangazi na chupa yake kifuani, mimi na Bosi aliyekuwa anatafuna utepe wa nishani, mwenyekiti, mshereheshaji na tai yake, mpaka yule mwanamke wa machozi, ambaye bado alikuwa anajifuta. Meza za takwimu zilikuwa mlangoni kweli. Mwenyekiti mwenyewe alishika upande mmoja, mshereheshaji upande wa pili, wakaanza kuziondoa.

Ndani, Shangazi aliwasha taa, akaiweka chupa chini ya mwanga wake, akangoja mpaka kioo kilipopata joto. Akafungua kitambaa cha kijani na kumimina maharagwe kwenye sahani. Akayageuza moja moja kwa kidole, na sisi sote mlangoni tukanyosha shingo.

Yalikuwa mazima, isipokuwa moja. Lilikuwa na tundu dogo, safi, kama limetobolewa kwa sindano.

"Ni habari njema au mbaya?" nikauliza.

Shangazi aliliinua mpaka karibu na pua yake. Hakuwa na uso wa furaha wala wa huzuni.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Huenda wameyakataa, huenda ni baridi tu. Ndiyo maana nataka chumba. Hebu mwondolee Bosi huo utepe mdomoni, halafu unisogezee ule mkebe."